Kitupe, Mdogo Wangu

Nansio, Ukerewe
Jumapili, 12 Februari 2023

Mdogo wangu Getruda,

Tumsifu Yesu Kristo. Shimba anaondoka na meli ya kesho asubuhi, nikaona asiende bila barua yako.

Huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike mama, tukakubaliana pale jikoni kwake kwamba kila asubuhi, kabla hatujasema na mtu, tutasoma fungu moja la Injili. Fungu lile lile, wewe Igoma na mimi huku, na Jumapili mmoja amwandikie mwenzake alichokipata. Wanawake wa jumuiya wananicheka, wanasema simu zipo. Nawajibu kwamba kwenye simu unaniambia "tuko salama, dada" na salio linaisha. Ukiandika barua lazima ukae chini ufikiri.

Wiki hii nimekwama kwa yule mama aliyetokwa damu miaka kumi na miwili. Mali yake yote ilikwisha kwa waganga na hakupona. Nimejiuliza alikuja na nini siku ile. Hakuja na kitu. Alikuja mikono mitupu, akagusa pindo la vazi la Bwana. Sisi tunagusa pindo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili bado umekamata kitu kingine, endapo Bwana atachelewa. Ndiyo maana hatuponi.

Hilo ndilo nililopata. Wewe je?

Msalimie Wilhelmina, mwambie mama mkubwa ana zawadi yake ya kumaliza darasa la tano. Msalimie na shemeji, hata kama Jumapili anaiona kama siku ya kuchomelea mageti ya watu.

Dada yako,
Bernadeta


Igoma, Mwanza
Jumapili, 26 Februari 2023

Dada Bernadeta,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Hapo penye mikono mitupu ndipo niliposhindwa kupita.

Dada, kuna kitu nimekishikilia mwaka wa sita sasa. Nakitumia kila siku, saa ile ile. Nikisafiri nasafiri nacho, nakificha ndani ya nguo zangu. Hata ulipokuja mwaka juzi kilikuwa chini ya godoro ulilolalia. Hukijui, na naomba usiniulize ni kitu gani. Nimechoka kukificha. Wakati mwingine nikikishika najiona sina imani hata kidogo.

Nimepata kikundi cha maombi hapa mtaani. Mtumishi wa hapo alituuliza wiki iliyopita, "Wewe unamtegemea Mungu au unakitegemea hicho ulichonacho kwenye mkoba?" Nilihisi ananitazama mimi. Kisha nikapata barua yako, ikasema jambo lile lile. Nisidhani ni Mungu?

Nijibu, dada. Nikikiacha, je, ni imani au ni ujinga? Wewe ndiye niliyekuwa nikimtazama tangu utoto akisali. Utakalosema nitalifuata.

Mdogo wako,
Getruda


Nansio
Jumapili, 12 Machi 2023

Mdogo wangu,

Sitakuuliza, maana nadhani nimekwisha jua. Umeolewa miaka kumi na miwili, una mtoto mmoja, na ukweni kwako kule Magu najua wana mambo yao. Hukuanza wewe, na si wewe wa mwisho. Nimewaona wanawake wanaopokea komunyo asubuhi huku kiunoni wamefunga kitu.

Unauliza ni imani au ujinga. Ujinga ni kukaa nacho miaka sita. Kitupe, mdogo wangu. Usikiweke kabatini eti utakitazama baadaye, usimpe mtu akutunzie. Kitupe chooni kabisa, mahali ambapo huwezi kuingiza mkono. Kwaresima ndiyo hii.

Ukishakitupa utaogopa, hilo nakuambia mapema. Mwili utakudai. Watakuja watu kukuambia urudi, labda hata wa nyumbani mwako. Mkumbuke mke wa Lutu. Hakufanya kosa lingine zaidi ya kugeuza shingo.

Huyo mtumishi wenu ni wa parokia? Mnasali rozari? Mwambie nimefurahi.

Dada yako,
Bernadeta


Igoma
Jumatatu ya Pasaka, 10 Aprili 2023

Dada,

Nimekitupa. Ijumaa Kuu, saa tisa alasiri, saa aliyokufa Bwana. Nilimwaga vyote chooni nikasimama pale nikilia, kisha nikaenda kumkatia Wilhelmina nywele kama siku nyingine.

Niliogopa siku mbili. Sasa siogopi. Nalala vizuri kuliko nilivyolala miaka yote hiyo, na asubuhi nikifungua Injili sioni aibu. Alexander amekasirika sana. Amepiga meza, amesema nitakufa. Nikamwonyesha barua yako, nikamwambia, "Dada amesema." Akaisoma, akatoka nje.

Asante kwa kunijibu bila kuniuliza. Usingenijibu hivyo nisingeweza.

Getruda


Igoma
18 Juni 2023

Shemeji Bernadeta,

Shikamoo. Mimi Alexander si mwandishi wa barua, kwa hiyo nitasema kwa kifupi.

Naomba umwambie mdogo wako arudie kile ulichomwambia akitupe. Mimi nimesema, hanisikii. Nikisema ananisomea barua zako. Wewe unajua vizuri nazungumzia nini, sina haja ya kukiandika kwenye karatasi inayopita mikononi mwa watu hadi ikufikie. Bado hajachelewa. Atakusikia wewe peke yako.

Sikukatazi kumwandikia mambo ya Mungu. Hili moja tu.

Shemeji yako,
Alexander


Nansio
25 Juni 2023

Shemeji Alexander,

Marahaba. Nimepokea barua yako na imenisikitisha.

Sitamwambia mdogo wangu arudie uchafu aliotoka. Najua umekulia kwenye mambo hayo, na mama yako labda aliutoa kwa nia njema, lakini Getruda ni mtoto wa katekista. Alipambana peke yake miaka sita ndani ya nyumba yako. Leo amesimama, na wewe badala ya kumshika mkono unataka kumrudisha.

Badala ya kuniandikia mimi, ungekwenda naye kusali.

Nakuombea.
Bernadeta


Igoma
Jumapili, 15 Oktoba 2023

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya, na huu mwandiko usiushangae, mkono unachoka.

Nimepungua. Watu wanasema nimefunga mno, nami nawaachia waseme hivyo. Nina kikohozi tangu Agosti na jioni napata homa. Mtumishi amesema mwili unatoa ya zamani, nisikatishwe tamaa. Amenipa maji ya kunywa. Alexander hasemi tena. Anakuja kutoka karakana, ananipikia uji, anakaa pembeni mpaka niumalize.

Bado nasoma. Jana nilisoma pale Bwana alipowaponya wale kumi wenye ukoma. Aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao wakapona wakiwa njiani. Nilijiuliza, kama mmoja wao angefika kwa kuhani na bado ana ukoma, angefanya nini? Angerudi kumuuliza Bwana, au angedhani alitembea vibaya?

Dada, mtu akitii halafu akaumwa, utamwambia nini?

Getruda


Nansio
Jumapili, 29 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Ningemwambia kwamba Ayubu hakukosea kitu. Ningemwambia, nilikuonya kwamba mwili utakudai.

Kikohozi si cha kuchezea lakini. Nenda hospitali wakupime kifua. Hospitali si dhambi. Luka mwenyewe alikuwa tabibu. Ila kile ulichokitupa usikirudie hata kama wakikuambia ndicho kilichokuwa kinakulinda. Hapo ndipo shetani atakapokushika, maana sasa umechoka.

Nimempa Shimba asali na dagaa wakavu. Nilitaka kuja Krismasi, lakini tunapokea Askofu mwezi ule na mimi ndiye msimamizi wa jikoni. Nitakuja baada ya hapo.

Swali lako la wale kumi nimelipeleka kwenye jumuiya. Tulilizungumza saa nzima. Wanawake walisema mdogo wa mwenyekiti wao ana akili.

Bernadeta


Igoma
21 Januari 2024

Dada,

Anaandika Wilhelmina, mimi namwambia maneno. Macho hayaoni vizuri. Asubuhi yeye ndiye ananisomea kabla ya kwenda shule, naye anasoma haraka kwa sababu ya kuchelewa.

Kuna jambo nilitaka kukuambia tangu zamani, na si la kumtuma mtoto aandike. Njoo. Usingoje Jumapili.

Getruda


Igoma
17 Machi 2024

Shemeji Bernadeta,

Leo siku ya arobaini imepita tangu tumzike Getruda kule kwetu Magu. Alikuita uje, ukafika amekwisha kufa, na pale msibani uliniuliza mara mbili kwa nini sikutazami, nami nikaondoka. Nilikuwa nangoja nipate utulivu ili nisikutukane. Utulivu haujaja, lakini nimechoka kungoja.

Getruda alikuwa na virusi. Mimi pia ninavyo, na ni mimi niliyevileta ndani, hilo nimemwambia Mungu na nilimwambia yeye. Tuliambiwa kliniki mwaka 2017, tukaanza dawa siku moja. Kila jioni saa mbili tulimeza pamoja, yeye kimoja, mimi kimoja, Wilhelmina akiwa anaoga. Miaka sita Getruda hakulazwa hata siku moja. Alinenepa, unakumbuka.

Kisha akaingia kwenye hema la yule mtumishi. Hilo ningeliweza, maana nilikuwa nimekwisha mpunguza kasi. Alikuwa amekubali kuendelea na dawa. Ndipo ikaja barua yako: Kitupe, mdogo wangu. Kitupe chooni. Akatupa makopo matatu ya miezi mitatu. Nilipomkuta, maji yalikuwa yamekwisha kupita.

Nilikuandikia mwezi wa sita. Ulinijibu kwamba dawa zile ni uchafu na kwamba mama yangu ndiye aliyezitoa. Nilidhani umerukwa na akili. Nilisoma jibu lako nikasema, basi huyu mwanamke heri mdogo wake afe akiwa safi kuliko aishi.

Daktari alisema ni kifua kikuu kilichopanda hadi kichwani. Aliniuliza kwa nini aliacha dawa. Ningemjibu nini? Kwamba dada yake anasoma Biblia kila siku?

Barua zako zote ziko kwenye mfuko. Njoo uzichukue au nizichome.

Alexander


Nansio
1 Aprili 2024

Shemeji Alexander,

Sikujua.

Nimeandika hilo neno na kulifuta kwenye karatasi tatu, kwa sababu najua halisaidii kitu. Nilidhani ni hirizi. Alisema anakificha ndani ya nguo, nikadhani ni kitu cha kiunoni, kitu cha kutafutia mtoto wa pili. Nilipokusoma wewe mwezi wa sita nilidhani unatetea mila za kwenu. Nimezirudia barua zake zote usiku na mchana, na sasa naona kila mstari ulikuwa unaniambia. Hata homa ya jioni. Hata ule uji.

Ningejua ningemwambia ameze. Ningekuja kumsimamia mwenyewe.

Lakini kwa nini hakuniambia? Mimi ni dada yake, nilimbeba mgongoni. Alikutajia wewe sababu? Nilimfanyia nini hata akanificha?

Usizichome. Nitakuja kuzichukua.

Bernadeta


Igoma
14 Aprili 2024

Shemeji,

Umeuliza, nami nitakujibu. Hii si kwa kulipiza.

Mwaka ule ule wa 2017 Getruda alikuja kwenu kwa sikukuu ya parokia. Alikuwa na mwezi wa pili kwenye dawa na alikuja kwa nia moja tu, kukuambia. Mlikuwa jikoni mnapikia wageni, na Paskazia yule mwimba kwaya alikuwa anakoroga sufuria. Watu walikuwa wamekwisha nong'ona kwamba Paskazia anaonekana kliniki. Ukaenda ukamtoa mwiko mkononi, ukamwambia kwa upole kabisa, "Mama Paskazia, leo wewe ni mgeni, kakae na wageni." Kisha ukaumwagia ule mwiko maji ya moto.

Getruda alikuwa karibu yako anakata vitunguu. Aliniambia alivikata vyote hadi vikaisha, akaomba vingine.

Alirudi hapa akasema, "Siwezi, atanipenda lakini ataosha vikombe." Hakulisema tena. Aliendelea kukupenda, barua zako akizisubiri kama mtoto. Ndicho kinachoniuma. Kama angekuchukia angekuwa hai.

Wilhelmina amepimwa, hana. Nilitaka ujue hilo.

Alexander


Nansio
Jumapili, 2 Juni 2024

Shemeji Alexander,

Tumsifu Yesu Kristo. Kama hutaki kuitikia, nitaelewa.

Ule mwiko nilikuwa nimeusahau kabisa. Ulipoutaja ndipo nilipoiona ile sufuria, na hata nguo niliyovaa. Siku ile nilirudi nyumbani nikasoma fungu langu kama kawaida, na naamini nililala vizuri.

Baada ya barua yako sikufungua Injili siku kumi na moja. Haijawahi kutokea tangu nikiwa msichana. Nilikuwa naamka, nakitazama kitabu, nakwenda kuchota maji. Siku ya kumi na mbili nilikwenda kwa Paskazia.

Hakuniambia karibu. Nilisimama uani nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa ajili ya mwaka 2017. Akaniuliza, "Nani amekukumbusha?" Nikamwambia, Getruda amekufa, na alikuwa na ugonjwa kama wako, na niliuambia mkono wake utupe dawa. Akaketi chini palepale juu ya majani ya mihogo. Kisha akaniambia jambo ambalo hata wewe nadhani hulijui.

Getruda alikwenda kwake. Jioni ya sikukuu ile ile, baada ya kuosha vyombo. Alimuuliza, "Wewe unawezaje kuishi hapa na dada yangu?" Paskazia akamwonyesha anavyofanya. Asubuhi anaweka kidonge juu ya kitabu, anasoma fungu la siku, anameza, anasema amina. Alimwambia kwamba hicho kidonge kwake ni mkate wa kila siku ule tunaouomba, na hajawahi kukimeza bila neno wala kusoma neno bila kukimeza. Getruda akasema naye atajaribu hivyo. Halafu akauliza kama aniambie mimi.

Paskazia alimjibu, "Usimwambie Bernadeta. Akijua hutamaliza kumsikia."

Akaniambia hayo akinitazama usoni. Akasema, "Nimelijutia hilo neno tangu uliponiambia amekufa, yaani dakika tano. Wewe una miaka saba ya kujutia."

Nimeacha uongozi wa jumuiya. Waliponiuliza sababu niliwaambia yote, wakiwa wamekaa, pamoja na habari ya mwiko na ya choo. Virusi vya Getruda nilivitaja bila ruhusa yako na hilo ni kosa lingine, lakini nilichoka na siri kwa sababu zimetuua. Wawili waliondoka kabla sijamaliza. Mmoja alikuja baadaye kunifariji, akasema ni mapenzi ya Mungu. Nilimwomba aondoke nyumbani kwangu. Haikuwa mapenzi ya Mungu. Ilikuwa mwandiko wangu.

Utaniuliza kama bado nasoma. Ndiyo, nasoma. Usidhani nimepata faraja mle ndani, sijapata. Yule mama aliyetokwa damu, nikimfikia, nafunga kitabu. Ila nimeona kwamba miaka yote nilikuwa nasoma ili nipate la kumwambia mtu. Sikuwahi kusoma nikamngojea mtu aniambie. Neno halikuwa na kosa, na sitalitupa kwa sababu nililitumia kama fimbo. Nikilitupa nitabaki na nini, shemeji? Nitabaki na mimi.

Nilimwomba Paskazia niwe nasoma naye asubuhi. Akasema, "Njoo kesho. Mimi ndiye nitakayesoma. Wewe usieleze kitu."

Nikaenda, na nimekwenda kila siku tangu hapo. Nakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Anaweka kidonge juu ya kitabu, anasoma polepole akifuata mistari kwa kidole, anameza na maji, tunasema amina. Hajawahi kunipa chai. Leo aliposema amina nilibaki nimekaa, nikidhani labda ataniambia neno. Akachukua ufagio, akaniambia nisogee, anataka kufagia.

Kesho nitarudi.

Bernadeta